Sura ya Sita: Betri ya Bodaboda Ikifa, Inakwenda Wapi?

Taja pikipiki ya umeme katika steji yoyote ya bodaboda kati ya Suneka na Nyansiongo, na maswali mawili yatakufikia papo hapo. Je, itaweza kupanda mlima ikiwa imebeba mikungu ya ndizi? Na betri yake ikifa, inakwenda wapi?

Swali la kwanza linajibiwa kwa kuijaribu pikipiki yenyewe. Mlima hula chaji haraka, lakini mota ya umeme ina nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na kwenye mteremko baadhi ya pikipiki hurudisha chaji kidogo kwenye betri. Swali la pili ni zito zaidi, maana linagusa udongo, maji, ajira na pesa za mifukoni mwetu. Ndilo swali la sura hii.

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Petroli ikishaungua imekwisha. Metali za betri haziishi hivyo. Betri iliyochoka bado ina karibu lithiamu yote, shaba yote na alumini yote iliyotiwa kiwandani. Kilichochoka ni uwezo wake wa kuhifadhi umeme, lakini mali iliyomo bado ipo. Kwa hiyo Kisii na Nyamira, kaunti zinazojulikana kwa chai, ndizi na mawe ya kuchonga, zinaweza kuwa na mgodi wao wa madini ya betri: betri zilizokwisha kutumika. Kazi iliyo mbele yetu ni kujifunza kuuchimba mgodi huo bila kujiua.

Ndani ya betri kuna nini?

Betri ya pikipiki ya umeme ni sanduku lililojaa seli. Seli ni kifaa kidogo, chenye umbo la kopo au kipande bapa, kinachohifadhi umeme. Kila seli ina pande mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba uliolowa kemikali. Upande mmoja umepakwa grafiti, ile kaboni nyeusi iliyo ndani ya penseli. Upande wa pili umepakwa mchanganyiko wenye lithiamu, metali nyepesi kuliko zote. Chembe za lithiamu zinapohama kutoka upande mmoja hadi mwingine, umeme hutiririka kwenye waya na pikipiki hutembea.

Betri ambazo msomaji wa Gusii atakutana nazo ni za aina tatu:

- Betri za lithiamu zenye kobalti, nikeli au zote mbili. Zimo katika simu, kompyuta na magari mengi ya umeme. Metali zake ni ghali, kwa hiyo wanunuzi wa betri kuukuu huzitafuta.
- Betri za lithiamu, chuma na fosfeti. Hazina nikeli wala kobalti. Ni nafuu, hudumu muda mrefu na hazishiki moto upesi. Zinatumika katika pikipiki nyingi za umeme na mitambo mingi mipya ya sola.
- Betri za asidi na risasi. Hizi ni zile nzito za matatu, malori na sola za zamani. Risasi ni metali laini yenye sumu, na zaidi ya nusu ya uzito wa betri hizi ni risasi.

Uwezo wa betri hupimwa kwa kilowati-saa, ambayo ndiyo ile yuniti unayonunua kwa tokeni ya Kenya Power. Betri ya pikipiki ya umeme kwa kawaida hubeba yuniti 2 hadi 4. Kila yuniti moja ya uwezo huhitaji takriban gramu 100 za lithiamu. Kwa hiyo betri ya yuniti 3 ina lithiamu ya gramu 300 hivi, na betri 1,000 za namna hiyo zina kilo 300. Ongeza shaba, alumini, chuma na grafiti, na utaona kwamba ghala la betri kuukuu ni hazina.

*Kwa ufupi: betri iliyochoka haijapoteza metali zake. Lakini kabla ya kuzungumzia bei au hatari yake, lazima ujue ni ya aina gani.*

Kwa nini tujali metali ilikotoka?

Mtu anaweza kusema: mradi pikipiki haitoi moshi, yatosha. Hapana, haitoshi. Moshi unaweza kuwa umetoka mahali pengine, kabla pikipiki haijafika Keroka.

Metali huchimbwa, husafishwa, kisha hutengenezwa seli. Kila hatua hula nishati. Nishati hiyo ikitoka kwenye makaa ya mawe, hewa ya kaboni hutolewa kwa wingi. Hewa ya kaboni ni ile gesi inayotokana na kuchoma makaa, mafuta na kuni, na ndiyo inayozuia joto lisitoke duniani na hivyo kuvuruga misimu ya mvua ambayo mkulima wa chai anaitegemea. Indonesia, nchi inayoongoza duniani kwa nikeli, huendesha mitambo yake mingi ya kuyeyusha kwa makaa ya mawe. Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka maeneo ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Sehemu kubwa yake husafirishwa ikiwa haijakamilika kusafishwa, ikaenda kumaliziwa China, kisha ikarudi Afrika ndani ya betri tunayoinunua kwa bei ya juu.

Watu wa Tabaka, kunakochongwa mawe, wanaujua uchungu wa biashara hiyo. Jiwe la Kisii likiuzwa likiwa ghafi, lina bei ya jiwe. Likichongwa kuwa kiboko, bakuli au ubao wa chesi, mchongaji hulipwa kwa ujuzi wake. Madini ya betri hayana tofauti: anayemaliza kazi ndiye anayekula zaidi.

Kenya ina faida moja ambayo nchi nyingi za viwanda hazina. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini huko Olkaria, maji, upepo na jua. Jirani kabisa na Nyamira, upande wa kaskazini, kituo cha Sondu Miriu kina uwezo wa megawati 60. Maji yakishatoka hapo hupitishwa katika kituo cha pili, Sang'oro, ambacho huzalisha megawati 21 zaidi. Kiwanda cha kurejesha metali kikiendeshwa kwa umeme wa namna hii kitatoa hewa ya kaboni kidogo sana kuliko tanuri la makaa.

Tanzania nayo imeanza kufikiri hivyo. Mwezi Januari 2021 serikali yake ilitia saini mkataba kuhusu nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na kuchukua hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Mpango ni kusafisha metali hiyo hukohuko nchini, Kahama, mahali ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Njia iliyochaguliwa hutumia maji, mgandamizo na kemikali kuitenganisha metali na mawe, badala ya kuiyeyusha tanurini.

Kasese: taka iliyogeuka kobalti

Wapo watakaosema haya ni ndoto za wazungumzaji. Basi tuvuke mpaka hadi Kasese, magharibi mwa Uganda, tuone kilichokwisha kufanyika katika Afrika Mashariki yetu.

Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982. Shaba ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Iliyobaki Kasese ilikuwa lundo kubwa la mabaki yenye madini ya chuma na salfa, na ndani yake kobalti kidogo. Mvua ilipolinyeshea, asidi ilitiririka kuelekea Mbuga ya Queen Elizabeth na kukausha mimea njiani. Kwa miaka mingi lundo hilo lilikuwa balaa.

Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kilianza kazi mjini Kasese. Hakikuchimba shimo jipya. Kiliyachukua mabaki yale, kikayatia katika matangi makubwa ya maji, na kuwaachia kazi bakteria. Hawa ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huishi kwa kula chuma na salfa. Walipoyala mabaki, kobalti iliachiliwa ikaingia kwenye maji, kisha ikatolewa kwa umeme ikiwa metali safi. Umeme huo ulitoka katika kituo kidogo cha maji cha Mubuku, chenye uwezo wa megawati 10 hivi, kilichojengwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Kasese inatupa mafunzo matatu:

1. Taka ya jana inaweza kuwa malighafi ya leo, na kuiondoa kunaponya ardhi.
2. Kusafisha metali kwa umeme safi, bila tanuri la makaa, kunawezekana hapa kwetu. Kumekwisha kufanyika.
3. Bei ya dunia inaweza kukuangusha. Kobalti iliposhuka bei mwaka 2002, kiwanda kilisimama, kikaanza tena baadaye bei ilipopanda. Anayepanga biashara hii asiitegemee bei ya juu peke yake.

Owino Uhuru: onyo tusilolisahau

Sasa tutazame upande wa pili, hapa hapa Kenya. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi uliingia vyumbani na maji machafu yakapita kwenye mitaro ambako watoto walicheza. Watu waliugua na damu ya watoto ikakutwa na risasi. Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ameathirika. Akaongoza mapambano yaliyompatia tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikasimama na wakazi.

Risasi haina kiwango salama katika mwili wa mtoto. Huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa Kisii na Nyamira onyo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya jinsi tunavyoishi. Mashamba yetu ni madogo na nyumba zimekaribiana. Choo, kisima, migomba na chekechea vinaweza kuwa ndani ya hatua chache. Asidi ikimwagwa mtaroni katika mji wa Kisii hufika Mto Nyakomisaro. Kinachoingia katika Mto Gucha hushuka hadi Migori, kikaishia Ziwa Victoria. Fundi anayepasua betri ya gari nyuma ya kibanda chake ili kuyeyusha risasi kwenye sufuria anawalisha sumu watu ambao hatawahi kuwaona, na wa kwanza ni watoto wake mwenyewe.

*Kwa ufupi: Kasese na Owino Uhuru zote zilirejesha metali. Kilichozitofautisha ni mtambo uliotumika, mahali ulipowekwa na usimamizi.*

Kabla ya kuivunja, itumie tena

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba betri ikitolewa kwenye pikipiki imekufa. Kwa kawaida hutolewa ikiwa bado ina asilimia 70 au 80 ya uwezo wake. Haifai tena kwa mlima wa Manga na mzigo mgongoni, lakini inafaa sana kwa kazi nyepesi.

Chukua kinyozi wa Nyamira mjini. Ana mashine ya kunyolea, taa mbili, redio na televisheni ndogo, vyote kwa pamoja vikila takriban wati 100. Betri ya yuniti 3 iliyobaki na asilimia 70 ina yuniti 2.1. Itaendesha vifaa hivyo kwa saa kama 20. Akiiunganisha na paneli ya sola, hatafunga duka stima zikipotea. Hii ndiyo inayoitwa maisha ya pili ya betri, na inaweza kuongeza miaka kadhaa kabla ya metali kurejeshwa.

Kwa betri za lithiamu, chuma na fosfeti, maisha ya pili ni lazima kibiashara. Kwa kuwa hazina nikeli wala kobalti, thamani ya metali zake ni ndogo, na anayezivunja mapema anaweza kupata hasara. Bei ya lithiamu yenyewe ilipaa 2022, kisha ikaporomoka 2023. Anayeuza umeme uliohifadhiwa ana kipato cha kutegemea kuliko anayesubiri bei ya metali.

Kazi ya maisha ya pili inahitaji mikono yenye ujuzi. Kila seli hupimwa, mbovu hutolewa, nzuri hupangwa upya, na bodi ya ulinzi hufungwa. Bodi ya ulinzi ni kile kibao kidogo cha elektroniki kinachozuia seli zisijae kupita kiasi wala kupata joto la hatari. Vijana wanaotengeneza simu Daraja Mbili na Keroka tayari wanajua kushika kipimo cha umeme na kifaa cha kulehemu. Wanachokosa ni mafunzo ya usalama, vifaa na leseni. Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisii na vyuo vya ufundi vya mashinani ndivyo mahali pa kuyatoa mafunzo hayo.

Hatua sita za kurejesha metali

Betri ikishamaliza maisha yake ya pili, safari yake ni hii:

1. Kukusanya kutoka steji, maduka, nyumba na shule.
2. Kupima na kutenga kwa aina.
3. Kutoa chaji yote iliyobaki, maana seli yenye chaji ikichomwa na msumari hulipuka moto na kutoa moshi wenye gesi inayounguza mapafu.
4. Kufungua sanduku na kutenga waya za shaba, alumini, chuma na plastiki.
5. Kusaga seli ndani ya mashine iliyofungwa isiingize hewa. Hapo hupatikana unga mweusi, yaani mchanganyiko wa lithiamu, grafiti na metali nyingine.
6. Kutenganisha unga huo kwa kemikali au tanuri hadi kupata metali safi.

Hatua nne za kwanza zinafaa kufanyika Kisii na Nyamira. Hazihitaji mtambo wa mabilioni. Zinahitaji ghala kavu lenye sakafu ya saruji, vifaa vya kuzima moto, mavazi ya kinga na watu waliofunzwa. Ndizo pia zenye ajira nyingi.

Hatua mbili za mwisho tuziache kwa kiwanda kimoja kikubwa cha nchi au cha Afrika Mashariki, kitakachojengwa karibu na umeme safi na mbali na makazi. Hesabu inatulazimisha. Betri 1,000 za pikipiki, kila moja ikiwa na kilo 25, ni tani 25 tu, na viwanda vya kazi hii duniani hula maelfu ya tani kwa mwaka. Kaunti moja haiwezi kukilisha. Kaunti zote 47 na majirani zetu pamoja wanaweza, kwa kuwa Kenya pekee ina bodaboda zaidi ya milioni moja, na kila moja itakayohamia umeme itahitaji betri. Kuvusha betri kuukuu mpakani kunasimamiwa na Mkataba wa Basel wa 1989 kuhusu taka za hatari, kwa hiyo vibali lazima viandaliwe mapema.

Sheria tayari ipo

Mwaka 2022 Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Ndani yake kuna wajibu wa mzalishaji: kampuni inayotengeneza au kuingiza bidhaa nchini inabeba jukumu la bidhaa hiyo hadi inapokuwa taka. Kanuni za mwaka 2024 zimefafanua jinsi ya kuutimiza. Katiba ya 2010 nayo imezipa kaunti kazi ya kuzoa na kusimamia taka ngumu, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ndiyo inayotoa leseni kwa wanaoshughulikia taka za hatari.

Pikipiki za umeme zina jambo moja linalorahisisha utekelezaji. Katika mfumo wa kubadilisha betri, unaotumiwa na kampuni kadhaa nchini, mwendeshaji humiliki pikipiki, lakini betri ni ya kampuni. Chaji ikiisha, anaiacha kituoni na kuchukua iliyojaa. Kwa hiyo betri inajulikana iliko, na ikichoka inarudi kwa mwenyewe. Shida kubwa iko kwa betri zilizotawanyika tayari: za taa za sola, tochi, simu na redio, ambazo leo huishia chooni, motoni au katika gunia la mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nani afanye nini?

- Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zijenge kwa pamoja kituo kimoja cha kupokea betri. Kaunti mbili jirani hazina haja ya vituo viwili vilivyo nusu tupu.
- Kampuni za pikipiki na sola zitangaze wazi mahali pa kurudishia betri katika kila mji zinakouza, na zimlipe chochote anayerudisha.
- Vyama vya bodaboda vidai jambo hilo kabla ya wanachama kutia saini mkopo wa pikipiki ya umeme.
- Wanunuzi wa vyuma chakavu waingizwe katika mpango kama wakusanyaji wenye leseni, maana wanakijua kila kijiji. Wakiachwa nje, betri zitawafuata huko nje.
- Viwanda vya chai na ushirika vitumie vituo vya kununulia majani kama mahali pa kukusanyia betri za nyumbani. Mkulima hufika hapo mara kwa mara.

Nawe msomaji una sehemu yako. Usitupe betri shimoni wala chooni. Usiichome, usiipasue, usimwache mtoto aichezee. Iweke mahali pakavu, funika ncha zake kwa utepe wa plastiki, na uirudishe kwa aliyekuuzia. Akikataa kuipokea, mwambie kwamba Sheria ya 2022 imempa wajibu aliyeiingiza nchini. Kisha mpigie mwakilishi wa wadi yako umuulize kituo cha betri cha kaunti kitajengwa lini.